Sentimita Arobaini

Nilipofungua ubao mkuu wa Jengo la Pabón,
orofa nne, Barrancabermeja, joto la saa nane mchana,
nilikuta Wilmar amefanya kazi ya sonara:
waya wa kikinga-mruko kauzungusha duara tatu,
kila duara juu ya mwenzake, kafunga kwa uzi mweupe,
kama misuko ya binti siku ya komunyo ya kwanza.
Mita mbili kasoro kidogo.
Nilipima tena. Uzuri ule ulinitia haya kuukataa.

"Kata," nikamwambia.
"Sentimita arobaini. Uende wima hadi kwenye baa ya shaba,
usipinde kiwiko."
Akanitazama kama niliyemwomba kidole.

Don Eliécer akashuka kwa ngazi, taulo shingoni,
kwa kuwa lifti nayo ilikuwa ikingoja sahihi yangu.
"Injinia Arrieta, kanuni inataka kifaa kiwepo.
Si hiki hapa? Nimekilipia."

Kipo.
Hata mlinzi aliyesinzia yupo.

Nikamwambia: umeme wa kila siku ni mpole,
utazunguka duara za Wilmar usiku kucha bila kinyongo.
Lakini ule wa radi, unaoingia na kutoka
kabla kope haijagusa kope,
hauna subira ya mapambo. Ukikuta kona hugeuka,
hutafuta mlango mwingine,
na milango wewe umeipangisha:
friji ya insulini ya Doña Berenice pale chini,
kiti cha daktari wa meno, na mtu kakaa kinywa wazi.
Kwa hiyo mlinzi wa kwanza asimame hapa langoni, apokee pigo la mbavu,
na kila orofa iwe na wake, wa kupokea kilichobaki.
Kitakachobaki baada ya hapo
ni cha kifaa kidogo nyuma ya mashine yenyewe.

"Na ardhi yako," nikasema, "haifai."

Hapo akacheka. "Ardhi? Ninayo hati yake,
yenye mhuri, tangu enzi za marehemu baba!"

Ardhi yako, Don Eliécer, ina omu arobaini na mbili.
Mimi nataka kumi.
Unaimiliki, sawa, ila haipokei kitu.
Ongeza nguzo tatu za shaba, uzizamishe hadi penye unyevu,
huko mto Magdalena unakopenya chini kwa chini bila kumwomba mtu hati.

Hakucheka tena. Alihesabu kwa vidole bei ya shaba.
Sikumwambia kuhusu Puerto Wilches,
mwaka wangu wa pili kazini, niliposaini kwa ajili ya haya tu.
Kilichoungua kule nakijua mimi
na watu wawili wasionisalimu.

Wilmar akakata. Koleo ililia mara moja.
Zile duara tatu akazitia mfukoni.

Oktoba, usiku wa Jumanne, mbingu iliupiga mji
hata mwali wa kiwanda cha mafuta ukaonekana kama kibiriti.
Sikulala. Nilihesabu kati ya mwanga na ngurumo:
nne, tatu,
halafu hapakuwa na cha kuhesabu.

Alfajiri simu. Don Eliécer, sauti imepanda:
"Kile kidude chako kimekufa!
Jicho lilikuwa kijani, sasa jekundu.
Hata miezi miwili hakijamaliza!"

Nikauliza: friji ya Berenice?
"Inanguruma."
Lifti?
"Imenileta hapa chini sasa hivi."
Taa?
"Zinawaka. Usinibadilishie maneno, injinia,
nani atanirudishia fedha za kifaa kibovu?"

Nikavaa viatu.
Wilmar alikuwa amefika kabla yangu,
kashika kile kidude viganjani, bado kina harufu ya kuungua,
na hakujua akiweke wapi;
pipa la taka lilikuwa karibu,
lakini hakukitupa.